Hakuna Aliyemwambia Yustina Ashuke

Sufuria ndiyo iliyowatoa nyumbani jioni ile. Sufuria kubwa ya mikono miwili, aliyopewa Auleria na mama yake siku ya kuolewa, ilikuwa bado Kibamba ilikoazimwa kwenye msiba wa Yustina, na mama mkwe alikuwa njiani anakuja kutoka Bukoba, na Auleria hakutaka, hakutaka hata kidogo, mama yule afike Magomeni akute ndizi zinapikwa kwa mafungu kwenye visufuria vya chai.

"Twende tukaichukue leo, Baba Wilbert. Twende na kurudi. Jua bado lipo."

Gaudens alikuwa anafuta kioo cha gari kwa gazeti. "Twende. Ila likizima usianze maneno."

Maana gari lilikuwa linazima. Miaka ile Mwingereza bado anatawala toka Gavanati, Mwafrika mwenye gari Magomeni alihesabika kwa vidole, na Gaudens, karani wa watu, alikuwa mmoja wa vidole hivyo. Gari lenyewe kuukuu, la dizeli, alilinunua kwa Mgiriki wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Linanguruma kama mashine ya kusaga, lakini lilikuwa linakwenda. Lilikwenda mpaka siku lilipombeba Yustina. Tangu siku hiyo likawa zito. Linavuta kama limepakia matofali, likianza kupanda klachi inaungua, inatoa harufu ile ya ukwato uliotiwa motoni, kisha linatetema, linazima.

Hija, fundi wa Kariakoo, alibadilisha klachi nzima. Haikumaliza hata mwezi.

"Karani," Hija alimwambia huku anacheka, "mguu wako wa kushoto umeulaza kwenye pedali kama mtu aliyelala kitandani kwake. Hiyo klachi ni ya kukanyaga na kuachia, siyo mto wa kulalia."

Gaudens aliudhika. Lakini Auleria aliyaona macho ya Hija yakienda kwenye matairi ya nyuma, yakarudi, yakaenda tena. "Na hicho mnachobeba huko nyuma," aliongeza kwa sauti ya chini, "mkishushe."

Hawakuwa wamebeba kitu.

Yustina alikuwa jirani yao, mke wa Kornelio mchonga vinyago, watu wa kusini. Alifia hospitali katika kujifungua, na mtoto naye hakulia. Kichanga watu wa hospitali walikizika wenyewe, hata Kornelio hakuonyeshwa wapi. Mama ilibidi apelekwe Kibamba, kwa mama yake mdogo, Bibi Sesilia. Lori halikupatikana, Gaudens akajitolea gari. Wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya Bibi Sesilia, na njia nzima bibi yule alikuwa anamsemesha maiti, taratibu, kama anavyosemeshwa mgeni asiyeijua njia. Yustina, tunatoka hospitali. Yustina, tunavuka mto, usiogope. Yustina, hapa ni Kimara, tunapanda. Ndivyo wafanyavyo kwao. Aliyekufa asiposemeshwa anaachwa njiani. Auleria alikuwa mbele na Wilbert mapajani, nywele zimemsimama. Gaudens alikuwa anatabasamu kwenye kioo.

Mvua ikawakuta kwenye kilima cha mwisho kabla ya Kibamba. Gari likazama kwenye tope. Vijana wa kule wakaja mbio na machela, wakambeba Yustina, wakakata mashambani, na Bibi Sesilia akawakimbilia nyuma, kanga kichwani.

Hayo yalikuwa yamepita. Jioni ile hakuna mvua, barabara kavu, vumbi jekundu. Wakavuka mto. Wakapita Kimara kwa taabu. Jua lilikuwa linazama upande wa mbele, linawapiga machoni, na Wilbert, ambaye hata kutambaa hajaanza, alikuwa amejipinda begani kwa mama yake anaangalia nyuma.

Anacheka.

"Anacheka nini huyu?" Gaudens akauliza.

"Watoto hawana sababu," Auleria akajibu, na akamgeuza. Akajigeuza tena.

Wakafika kwenye kilima kile. Gari likaanza kupanda... likapunguza... Gaudens akabadilisha gia, akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele za kutosha kusikika mpaka Kibamba, na gari halisogei. Kelele tu. Harufu ya ukwato ikaingia ndani, nzito, inakaba koo. Kisha mtetemo.

Kimya.

Gari likaanza kurudi nyuma polepole.

"Jiwe! Mama Wilbert, jiwe, breki haishiki!"

Auleria hakufikiri. Alimbwaga Wilbert kiti cha nyuma juu ya kanga, akaruka chini, akaokota jiwe, akalisukumia nyuma ya tairi, gari likalikalia, likatulia. Alikuwa anahema. Akanyanyuka, akachungulia dirishani kumwona mtoto.

Wilbert alikuwa amelala chali, ametulia tuli, macho yamefumba nusu, midomo inacheza. Inavuta. Inaachia. Inavuta.

Akafungua mlango, akamnyakua. Pembeni ya mdomo wa mtoto kulikuwa na maziwa.

Hakuwa amemnyonyesha tangu mchana.

"Gaudens..." Akamwinua mtoto amwone.

"Subiri, plagi hazijapata moto." Gari lile la dizeli huliwashi tu. Unabonyeza kitufe, unangoja waya mdogo wa mbele uwe mwekundu, ndipo unapiga stati. Gaudens alikuwa ameinamia waya wake.

Mtu akakohoa barabarani. Alikuwa Bibi Sesilia, anateremka kilima, sufuria kichwani. Alisikia mngurumo, akalijua gari, akaona awaletee sufuria yao.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu." Lakini hakusogea karibu. Alikuwa anaangalia nyuma ya gari, lilivyokaa chini, springi zimelala kabisa. Akaitua sufuria kwenye majani. "Mmembeba nani?"

"Hatujambeba mtu, Bibi. Ni mie, baba yake na huyu mtoto."

Bibi Sesilia akapeleka mkono mdomoni. Akanong'ona, "Siku ile mvua inapiga... nani alimwambia Yustina ashuke?"

Gaudens akaacha waya wake, akageuka. Bibi akaendelea:

"Humu garini, nauliza. Nani alimwambia? Mie nilikimbilia machela. Nilipofika uani ndipo nikasema, Yustina, tumefika, shuka. Loo! Kumbe nauambia mwili mtupu. Mwenyewe tumemwacha amekaa humu."

Gaudens akacheka, kicheko kikavu. "Bibi, ni klachi. Klachi imekwisha."

"Ndiyo, baba. Imekwisha kwa kumvuta."

"Basi mwambie sasa!" Auleria alikuwa amemshika mkono yule bibi, maneno yanakimbizana. "Mwambie hapa hapa, Bibi, nakuomba, anamtaka mtoto wangu huyu, ameshamnyonyesha, nimeona kwa macho yangu, mwambie ashuke!"

"Hapa barabarani? Mwanangu, anaposhushwa ndipo kwake. Nikimshusha hapa, kila anayepita kilima hiki atakutana naye. Mfikisheni kwangu uani."

"Si unaona gari halipandi?"

"Halipandi kwa sababu hataki." Bibi akapunguza sauti zaidi. "Kule juu kuna kaburi. Humo garini kuna mtoto."

Gaudens alijaribu tena hata hivyo. Injini ikawaka, ikapiga kelele, moshi wa buluu ukapanda kwenye pedali, gari likazima. Giza lilikuwa linaingia. Auleria alitaka wateremke, waliache gari, waende kwa miguu na Bibi mpaka kwake. Gaudens hakutaka hata kusikia, aliache gari lake porini likatolewe matairi? Ndipo Bibi Sesilia akasema watakuja kesho Magomeni, yeye na Kornelio. Watapanda na Yustina, Bibi atamsemesha njia nzima, amwombe mpaka akubali.

"Leo mtoto akae mbele, kifuani kwako. Na neno lile la kushuka msilitamke popote. Umenisikia, Mama Wilbert? Popote."

Wakaligeuza gari. Lilikubali kwa wepesi wa ajabu, likateremka bila shida, harufu ikapotea. Gaudens akaanza kupiga mluzi. Auleria alikuwa anasali Salamu Maria bila sauti, sufuria miguuni, mtoto amembana kifuani mpaka mwenyewe anaona anambana mno.

Pale mtoni, mahali tambarare, gari likazima.

"Shuka usukume kidogo tu. Tukilisukuma litawaka."

"Siwezi kumwacha mtoto."

"Mweke hapo hapo mbele! Unataka tulale hapa na fisi?"

Akamlaza kiti cha mbele, akamzungushia kanga, akamkingia sufuria pembeni asianguke. Akazunguka nyuma. Akasukuma. Bati la gari lilikuwa baridi, baridi kama mtungi, wakati injini ilikuwa inaungua. Gaudens alikuwa mlangoni, bega moja nje, mkono kwenye usukani. Likasogea. Likakohoa. Likawaka. Auleria akakimbia, kiatu kimoja kikabaki barabarani, akafungua mlango wa mbele, akajitupa ndani.

Kanga ilikuwepo. Sufuria ilikuwepo.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si hapo..."

Wakageuka wote wawili.

Wilbert alikuwa kiti cha nyuma. Katikati kabisa. Hakulala kwenye kiti. Alikuwa amelala juu kidogo ya kiti, kama alalavyo mtoto kwenye mapaja.

Gaudens hakusimamisha gari. Aliogopa litazima. Aliendesha tu, na Auleria alipanda juu ya kiti, akampata mtoto kwapani, akavuta. Hakutoka. Mtoto aliyekuwa anambeba kwa mkono mmoja huku anapika, leo mikono miwili haimnyanyui, mzito kama mfuko wa saruji, na mwili wake unapoa. Na ile harufu. Klachi, ukwato, moshi, na ndani yake harufu nyingine, tamu, ya maziwa ya mama yaliyolala kwenye nguo.

"Niachie," alikuwa anasema Auleria. "Niachie mwanangu. Dada Yustina, wewe unanijua mie. Niachie."

Ubungo. Mabibo. Taa za vibatari za Magomeni. Gari lilikuwa linatembea kama mtu mwenye mzigo, na kila linapopunguza, pumzi ya Wilbert nayo inapunguza. Anavuta pumzi... kimya... anavuta tena. Likafika mbele ya nyumba yao, likatetema, likazima lenyewe. Na pumzi ya mtoto ikazima nayo.

Auleria alisubiri inayofuata.

Haikuja.

Alikijua alichokatazwa. Alisikia sauti ya Bibi Sesilia waziwazi, popote, umenisikia, popote. Lakini mtoto alikuwa wa baridi mikononi mwake, na Gaudens alikuwa amekaa tu kwenye usukani kama aliyepigwa na radi, na kesho ilikuwa mbali mno.

Akafungua mlango wa nyuma.

"Yustina," akasema. "Tumefika. Shuka."

Springi zikalia. Gari likanyanyuka nyuma, taratibu, kama linavyonyanyuka abiria anapoteremka. Wilbert akawa mwepesi ghafla hata Auleria akaanguka naye chali, mtoto akapiga kelele ya kuzaliwa upya, na wote wawili wakalia, baba naye akalia, na hakuna aliyeona mlango wa nyumba ulivyosogea. Walikuta tu uko wazi. Walikuwa wameufunga kwa kufuli.

Asubuhi Bibi Sesilia alikuja na Kornelio. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, akaliangalia gari lilivyosimama juu juu, akamwangalia Auleria.

"Ulimshushia wapi?"

Auleria alielekeza kidole miguuni pake.

Walimwomba sana. Kornelio alifungua mlango wa gari, akamwita mkewe kwa jina lao la chumbani, analia, njoo mama twende kwetu. Bibi Sesilia akamsemesha mpaka jua likawa kali. Gari halikulala nyuma hata kidogo. Mwishowe Bibi akaufunga mlango polepole. "Anayeshuka kwa kuambiwa," alisema, "hapandi kwa kuambiwa. Mpaka atake."

Padre alikuja akanyunyiza maji ya baraka vyumba vyote. Mama mkwe alifika, akakuta ndizi zinachemka kwenye sufuria kubwa, akasifu. Wakahama Magomeni, wakaenda kupanga Temeke. Siku ya kuhama gari lilikuwa zito njia nzima, klachi ikaungua. Siku ya pili yake likawa jepesi tena, na safari hii hakuna aliyemwambia ashuke. Hija anasema karani amejifunza kuendesha hatimaye.

Usiku Gaudens hulala kwa kuelekea ukutani. Auleria husikiliza. Kitanda cha mtoto kiko pembeni yao, na kuna nyakati mbao zake hulia kidogo, kama mtu anakaa.

Wilbert ananenepa. Majirani wanamshika mashavu, wanasema, Mama Wilbert, una maziwa wewe, unampa nini mtoto huyu?

Auleria anacheka nao. Maziwa yake yalikauka wiki ile ile ya sufuria, na mtoto hajayalilia hata siku moja.