Picha Aliyoitaka Mama

"Nimeshajua ulipo, mke wangu. Saa tisa niko mlangoni."

Simu ikaniponyoka. Miaka miwili sikuwa nimeliona jina la Du-shik, mtalaka wangu niliyemkimbia Daegu baada ya yeye kunivunja mbavu mbili. Mahakama ilimkataza kunikaribia, lakini karatasi haizuii ngumi.

— Tae-yul! Nimekwisha! nilimpigia kelele mchumba wangu. — Zile picha ulizifuta kweli?

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba picha ya simu hubeba siri ndani yake: siku, saa na mahali ilipopigwa. Haikutoka picha yangu hapa Gangneung, mji niliojificha, bila Tae-yul kuyaondoa hayo kwanza.

— Nilifuta zote, Eun-sol. Wewe hukumtumia mtu picha nyingine?

— Mimi? Nani sasa...

Ndipo nikakumbuka.

— Mama. Jana alilalamika ile picha uliyoifuta, ya hanbok, vazi langu la harusi, ina ukungu, haoni hata mishono. Nikamtumia ile yenyewe, moja kwa moja.

— Uliyoipiga hapa nyumbani? Bila kufuta mahali?

— Nilisahau! Ni mama yangu, jamani!

Ilikuwa saa nane na nusu. Tae-yul akawapigia polisi, akafunga mlango, akaukaza kwa meza.

— Ukitaka tukimbie, twende sasa hivi.

— Nimechoka kukimbia, nikasema.

Saa tisa kamili kengele ikalia.

— Eun-sol, fungua. Tuyamalize kama mtu na mkewe.

Sauti tamu ile ile ya kabla ya kipigo. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Likaja teke, meza ikasogea. Teke la pili, bawaba ikalia. Ndipo nikasikia viatu vizito kwenye ngazi.

— Wewe! Mikono ukutani!

— Niacheni! Mama mkwe mwenyewe kanitumia picha!

Polisi walipomshusha, nikampigia Mama.

— Mama, ulimpa Du-shik picha yangu?

— Mwanangu, alikuja na boksi lake la mapeasi, kama kila sikukuu ya Chuseok. Akalia. Mkwe akikulilia utafanyaje? Akasema nikuombe ile iliyo safi, nimtumie.

— Ulijua anatafuta ninapoishi?

— Yale mapeasi yalikuwa mazuri, mwanangu...

— Mama!

— Nilidhani mtapatana.

Loo! Kikulacho ki nguoni mwako.

— Mbavu zangu ulizifunga bandeji wewe, Mama. Kwa mikono yako.

Akaanza kulia, nami nikalia, maana nampenda.

— Nisamehe, mwanangu. Harusi si Jumamosi? Niambie ni wapi, nipande treni nije.

Nikamtazama Tae-yul. Akaniachia niamue mwenyewe.

— Nitakutumia picha baada ya harusi, Mama. Yenye ukungu.