Bolti ya Enosi na Magogo ya Mgomba

Bolti haikutoka. Enosi aliipiga nyundo tangu asubuhi, nayo ikakaa palepale.

Ilikuwa bolti moja tu, ile inayoshika springi ya nyuma kwenye chasisi ya pikapu yake. Bushi ya mpira iliyomo ndani ya springi ilikuwa imekwisha. Bushi mpya alikuwa nayo, na bolti mpya pia. Tangu serikali iruhusu biashara huria, vipuri vimejaa madukani Tukuyu. Lakini huwezi kuweka mpya bila kutoa ya zamani. Ya zamani ilishikwa na bolti, na bolti ilishikwa na kutu. Mvua za Rungwe hazionei chuma huruma.

Uani mikungu ya ndizi ilikuwa imekatwa tayari. Nusu ilikuwa ya majirani hapa Kinyala, waliomwamini Enosi. Kesho mchana lori la mnunuzi lingepakia Tukuyu na kuondoka. Mnunuzi hamngoji mtu, na ndizi iliyokatwa haingoji pia.

"Baba Anyitike, mwite fundi," alisema mkewe, Atupokile.

"Fundi ni mimi," Enosi alijibu akiwa chini ya gari.

"Fundi wa kutukana chuma?"

Akapita jirani yao Imakulata, akitoka zamu kiwandani. Kazi yake ni kutunza mitambo ya chai.

"Ugonile, shemeji," alimsalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga," Enosi aliguna.

Imakulata aliinama. Akaona gurudumu moja la nyuma limevuliwa, na pikapu imeegemezwa juu ya magogo ya mgomba.

"Shemeji, toka humo."

"Namalizia."

"Toka! Unalala chini ya maji? Mgomba si mti. Ukiukamua, unatoa maji."

"Mgomba tunafungia mizigo, tunalishia ng'ombe, tunafanyia kila kitu."

"Basi kalishie ng'ombe. Toka!"

Enosi alitoka amenuna. Ili amwonyeshe kwamba gari limekaa imara, akasimama pembeni akaigonga bolti mara moja.

Magogo yakapasuka. Maji yaliwarukia usoni. Pikapu ikashuka kwa kishindo, chuma kikazama kwenye udongo, pale pale kilipokuwa kifua cha Enosi.

Atupokile alishika shati la mumewe kwa mikono miwili, hakuliachia.

"Sasa tuanze kazi," alisema Imakulata.

Waliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki. Jeki waliiweka juu ya ubao ili isizame. Gari lilipoinuka, wakaweka chini ya chasisi magogo makavu ya mkaratusi, na gurudumu lililovuliwa wakalilaza pembeni yake. Imakulata akalisukuma gari kwa bega. Halikutikisika.

"Jeki inainua, haishiki," alisema. "Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu."

Wakasugua kutu kwa brashi ya waya. Wakamimina mafuta ya taa kwenye bolti.

"Iache inywe mpaka alfajiri," alisema Imakulata.

"Na lori je?"

"Linapakia mchana. Nyundo imekupa nini tangu asubuhi?"

Enosi akaiweka nyundo chini.

Alfajiri walifuta mafuta ya taa yote, wakakausha. Ndoo ya mchanga ilikuwa karibu. Jiko la mkaa liliwekwa mbali, kwa sababu tangi la mafuta halitaki moto. Imakulata akachoma kipande cha nondo mpaka kikawa chekundu, akakileta kwa koleo, akakigandamiza kwenye nati. Akarudia mpaka nati ikapata moto. Kisha akaigusisha mshumaa.

Nta iliyeyuka, lakini haikudondoka. Iliingia ndani ya uzi wa bolti, ile mifereji inayoshika nati, taratibu, kama inavutwa na mtu.

"Inakunywa!" Enosi alinong'ona, kama yuko kanisani.

"Spana. Kaza kwanza."

"Kukaza? Mimi nataka kulegeza!"

"Kaza kidogo, kutu ivunjike. Halafu legeza. Usilazimishe, itakatika."

Kaza, legeza. Kaza, legeza. Nati ikalia, ikazunguka. Imakulata akaiacha nati kwenye ncha ya bolti ili nyundo isiharibu uzi, akagonga kidogokidogo huku Enosi akizungusha kichwa cha bolti kwa spana. Bolti ilipoanza kutembea, nati ikatolewa. Bolti ikateleza nje.

Enosi aliipokea kwa gunia. Aliitazama muda mrefu. Ile ile.

"Mama Anyitike, njoo uone," aliita. "Imetoka bila ugomvi."

Bushi mpya ikaingia mahali pa ile ya zamani, na bolti mpya waliipaka grisi kabla ya kuiingiza. "Grisi ya leo ni nyundo usiyoipiga kesho," alisema Imakulata. Walirudisha gurudumu na kushusha gari kwanza, ndipo wakakaza kabisa, ili bushi isijipinde.

Lori lilikuwa bado linapakia walipofika Tukuyu. Ndizi zote zilipokelewa.

Gharama yenyewe ni hii. Bushi, moja. Bolti, moja. Mafuta ya taa, kikombe. Mshumaa, nusu. Mkaa, kopo moja. Kungoja, usiku mmoja. Mtu aliyeumia, hakuna.