Kombe la Zambarau

"Zambarau imechumwa," sauti ya Daktari Nadhira ilisema kwenye simu. "Chupa moja tu. Nyingine zote zimemwagiwa sumu."

"Nani?"

"Hadi, msaidizi wangu."

Barke akakata simu.

Ilikuwa Oktoba 1963. Serikali iliyokuwa njiani kuja tayari ilikuwa na majasusi wake, na Barke alikuwa mmoja wao.

Jina la Hadi hakuhitaji kuelezwa. Nyuma ya kiwanda kimoja cha ngozi huko Changamwe palikuwa na shimo la maji machafu, na mwaka 1957 kaka yake Barke, Mbwana, aliteremka humo pamoja na Hadi kuzibua bomba. Gesi yenye harufu ya yai viza ikamwangusha. Hadi alitoka peke yake. Aliapa kwamba Mbwana alikufa papo hapo, bila kutamka neno.

Tangu siku hiyo Barke husikia sauti ya Mbwana ikiita mtu kutoka chini. Haijawahi kumwita yeye.

Akaingia katika Peugeot 403 na kukanyaga mafuta.

Daktari Nadhira alitumia miaka minne kuwatafuta bakteria wekundu, aliowaita zambarau, katika matope ya mikoko ya Port Reitz. Huishi pasipo hewa. Wakipata mwanga wa jua huila gesi ile na kuigeuza chembe za salfa zisizodhuru. Wakitiwa gizani, hukoma kuila. Mwezi uliofuata shimo lingeezuliwa paa, nao wangetiwa humo kazini.

Sasa mnunuzi wa kigeni aliwangoja Tanga. Bila chupa ile, watu wangeendelea kuteremka shimoni kila wiki kama alivyoteremka Mbwana.

Daraja la Makupa. Kisha kisiwa cha Mombasa. Kisha mteremko wa kivukoni.

Barke akainamia redio iliyofichwa kikapuni, akamwita jasusi mwenzake.

"Khamis, uko wapi?"

"Ng'ambo, Likoni. Askari wa upande wako wamepekua magari na mizigo. Hapana chupa."

"Feri?"

"Inaondoka."

Aliliacha gari, akairukia feri ilipokuwa hatua mbili tu kutoka ukingoni.

Hadi alikuwa ameketi benchi ya mbele, kanzu mpya, kofia iliyodariziwa. Wanawake walikuwa wamemzunguka wakimpa pole. Alikuwa amewaambia kwamba anampelekea mamake mgonjwa kombe: aya za Kurani zilizoandikwa kwa wino mwekundu, zikaoshwa kwa marashi ili zinywewe. Askari waliposikia hivyo hawakuthubutu kuigusa chupa, wala hawakuihesabu kuwa mzigo.

Chupa ilikuwa sakafuni. Katikati ya viatu vyake. Juani.

Barke akasimama.

Hakuna mtu wa Pwani awekaye maneno ya Mungu miguuni. Asubuhi nzima Hadi alikuwa ameificha chupa gizani, ndani ya mfuko. Sasa alikumbuka tu kwamba bakteria wake wana njaa ya mwanga. Alisahau kwamba alikuwa akiisingizia kuwa kombe.

Barke akaushusha ukaya wa buibui usoni.

"Kaka, hebu nipa funda moja. Nina mgonjwa nyumbani."

Hadi akajibu kwa upole kwamba kombe lile lilisomewa mtu mmoja.

"Mpe mwenzio," akasema bibi mmoja, Mwanasaumu, muuza vitumbua. "Kombe halinyimwi." Kisha macho yake yakateremka. "Na mbona umeliweka miguuni, mwanangu? Hilo kombe au maji ya kuoshea viatu?"

Minong'ono ikaenea. Wazee wakageuka.

Hadi akainyakua chupa, akakimbilia mnyororo wa ukingoni. Barke akauinua ukaya. Chini ya buibui, bastola ya Beretta ilikuwa tayari mkononi.

"Baki hapo, Barke. Nitaimwaga baharini."

Akaing'oa kizibo kwa meno.

Lakini chupa ilikuwa imeshinda gizani, na gesi waliyotiliwa bakteria kama chakula haikuwa imeliwa. Harufu ya yai viza ikapanda usoni mwake.

Hadi akaganda.

Alitazama chini, ingawa si baharini. Akauvuta mguu nyuma kama mtu aliyeshikwa kifundo gizani.

"Aliniita," akasema. "Mara tatu. Nilikuwa nimeshafika juu ya ngazi. Sikurudi."

Barke hakufyatua. Alisogea, akaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba, akaitoa katika mikono iliyokwisha kulegea.

"Nami humsikia," akamwambia.

Likoni, Khamis alimtia Hadi pingu. Akauliza kama zambarau imesalimika. Barke akamwonyesha ule wekundu uliokolea ndani ya chupa.

"Iweke hapo chini, garini," Khamis akasema. "Nitakurudisha."

Barke akatikisa kichwa. Aligeuka akapanda feri ile ile iliyokuwa ikirudi kisiwani, ameishika chupa kwa mikono miwili, usawa wa kifua, jua likipenya ndani yake.

Katikati ya maji sauti iliita tena, mara tatu.

Safari hii alijua inamwita nani.