Bei ya Ndugu

Noah nyeupe ya Nerolyn Wasi ilizima mbele ya Soko Kuu la Honiara, Ijumaa saa tano asubuhi, saa ambayo hata mbwa hapati pa kupita. Nyuma kulikuwa na sahani arobaini za wali na samaki wa nazi, na huko Point Cruz maofisa walioagiza chakula hicho walikuwa wameshaanza kutazama saa. Mabasi yakapiga honi. Muuza popoo mmoja akamshauri ageuze gari hilo kuwa banda la kuku.

"Washa taa," sauti ikasema dirishani.

Alikuwa kijana mrefu, fulana imejaa grisi, fungu la kabichi kwapani, midomo myekundu kidogo kwa tambuu. Nerolyn, gauni lake la maua ya njano limemganda mgongoni kwa jasho, akawasha. Taa zikatoa mwanga wa kibatari.

"Ile taa nyekundu ya betri inawaka tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Na wewe ukadhani ni pambo?"

Nerolyn alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. "Nilikwenda dukani wakaniambia altaneta mpya ni dola elfu nne na mia tano. Nikarudi nyumbani nikaiombea hii ya zamani."

"Basi maombi yako yamejibiwa. Mimi ni Ellison, fundi umeme wa magari, karakana yangu iko Kukum."

Akaazima betri ya teksi, akaunganisha waya, Noah ikakohoa na kuwaka. Maofisa wakala. Alasiri gari lilikuwa Kukum, na altaneta imefunguliwa juu ya meza.

"Tazama," Ellison akasema. "Kaboni zimelika zimebaki kama ukucha. Na beringi hii ukiizungusha inalia. Mwili wenyewe mzima. Mpya ya nini? Dola mia nane, vipuri na ufundi."

"Mia nane? Unanitengenezea gari au unaniuzia?"

"Ningekuwa nauza ningekuuzia tabasamu langu. Lakini hilo huliwezi, ni ghali."

"Nani kakudanganya?"

"Kioo."

Macho yao yakakutana, na mimi nakwambia, kama mambo yangeachwa hapo, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini Nerolyn alikuwa na dola mia tatu tu, na kesho kulikuwa na sahani nyingine arobaini.

"Fundi, kwenu wapi?"

"Malaita. Kijiji cha Talafau."

"Wewe! Bibi yangu mzaa mama ni wa Talafau."

Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Kirakira, kwenye kisiwa kingine kabisa, na Nerolyn mwenyewe Malaita alikuwa hajaikanyaga. Tabasamu la Ellison likazimika. Akarudi nyuma hatua mbili, akafuta mikono.

"Basi wewe ni dada yangu," akasema taratibu. "Ndugu halipi ufundi. Lipa vipuri tu, dada. Mia mbili na hamsini."

Honiara kila mtu anajua kutafuta undugu akiona bei. Nerolyn alifanya walivyofanya wengi kabla yake, akasahau kwamba kwa watu wa Malaita dada si neno la kupunguziwa bei. Dada hataniwi, hashikwi mkono, haketi benchi moja na kaka yake. Siku ile alitoka Kukum na altaneta inayochaji vizuri, na mlango wa mwanamume aliyempenda ameufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Miezi miwili alihangaika. Kila wiki alipata sababu ya kupiga simu.

"Ellison, mkanda wa injini unalia."

"Siku nzima au asubuhi tu, dada?"

"Asubuhi. Na jioni nikikukumbuka."

"Nitamtuma fundi mwenzangu aje kuuangalia, dada."

Alipokwenda mwenyewe, amevaa sketi yake nyekundu na ua la mrujuani sikioni, Ellison aliongea naye akitazama injini. Shangazi yake Bualimae, aliyekuja kutoka Malaita na sasa alikuwa akisuka kikapu kwenye kivuli cha karakana, aliwatazama wote wawili.

Alhamisi moja Ellison akapiga mwenyewe.

"Naondoka Jumamosi. Nimepata kazi Noro, visiwa vya magharibi."

"Noro? Una wateja wote hawa, Noro unafuata nini?"

"Sifuati kitu, nakimbia. Nikisikia sauti yako moyo wangu hauitiki kama wa kaka. Ni aibu, Nerolyn. Usinipigie tena."

Simu ikakatwa. Nerolyn aliketi ndani ya Noah analia na kucheka. Alipendwa. Lakini akisema kweli, atakuwa mwongo aliyechezea majina ya wazee wa watu, tena mbele ya shangazi. Asiposema, Jumamosi meli inamchukua.

Ijumaa mchana akaingia karakana na sahani hajazigawa. Akaweka noti kwenye meza, kando ya spana.

"Mia tano na hamsini. Inatimia mia nane, bei ya mtu baki. Sina bibi Talafau. Bibi yangu ni wa Kirakira, na wazazi wangu wako huko. Nilidanganya ili unipunguzie."

Shangazi akaweka kikapu chini.

"Miezi miwili," Ellison akasema, "nimejiona mnyama. Nimeomba toba kanisani kwa ajili yako."

"Najua."

"Kwa dola mia tano na hamsini."

"Nilikuwa na mia tatu na chakula cha watu arobaini. Sikujua nitakupenda. Ningejua, ningeuza gari."

"Na ungekaa kimya mpaka lini?"

"Sijui. Niliogopa utaniona takataka. Sasa nione tu, lakini usiondoke ukijiona wewe ndiye mkosaji."

Shangazi Bualimae akainuka, akamsogelea Nerolyn, akamkagua toka miguuni hadi kwenye ua la sikioni. "Umetukosea sana, binti. Lakini umekuja mwenyewe, na mficha uchi hazai." Akamgeukia mpwa wake. "Hizo noti. Ukizikataa, huyu ni dada yako na kesho upande meli. Ukizipokea, ni mtu baki, mgombane mpaka mchoke."

Ellison alizitazama zile noti muda mrefu. Kisha mkono wenye grisi ukazikusanya, ukazikunja, ukazitia mfukoni.

"Sogea hapa," akasema.

Nerolyn akasogea. Kwa mara ya kwanza Ellison hakurudi nyuma.

"Bado nina hasira."

"Kasirika, mpenzi. Mimi siendi popote."

"Usinipoze kwa hilo neno mpenzi." Lakini alikuwa ameshamshika mkono, na hakuuachia. "Meli ya Kirakira inaondoka lini?"

"Jumatatu. Kwa nini?"

Ellison akamgeukia shangazi yake, masikio yamemwiva kwa haya.

"Shangazi, nisindikize. Mimi kuposa sijui."