Kilango cha Hewa ya Nje

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni fundi wa viyoyozi kwenye jengo la ofisi la ghorofa sita. Watu walimbatiza jina la Baridi, naye hakuona tabu. Jumatatu moja aliingia kazini mapema kama kawaida, akasafisha vichujio, akanywa chai na walinzi, akataniwa kwamba shati lake limepigwa pasi na paka. Alicheka ili wasimwonee huruma. Mkewe alikuwa na miezi miwili kaburini.

Mama huyo alikuwa wa mapokezi humo humo jengoni. Joto lilipozidi na wafanyakazi wakalalamika, Baridi alitumia ile njia ya mkato ya mafundi: alipanda juu ya paa akakifunga na kukikaza kwa skrubu kilango kinachoingiza hewa ya nje. Hewa ile ile ikawa inazunguka tu, na vyumba vikapoa upesi. Alisifiwa mpaka kichwa kikavimba. Mkewe alipoanza kuumwa kichwa, kisha kukohoa, Baridi alimwambia ni mafua tu. Daktari alisema ni mapafu, tena wamechelewa. Hata baada ya mazishi Baridi hakukigusa kilango, kwa kuogopa kuulizwa kilifungwa lini.

Saa nane mchana Jumatatu hiyo, akiwa peke yake chumba cha mashine, alisikia kikohozi. Kifupi, cha kujizuia, kama cha mtu mwenye mgeni mbele yake. Kilitoka ndani ya bomba la hewa. Alizima mashine, kukawa kimya. Akaiwasha.

"Mume wangu," sauti ilinong'ona. "Bado upo?"

Alikaa sakafuni akalia. Tangu siku hiyo alikula chakula cha mchana pale pale, mgongo kwenye bati la bomba, akimsimulia mkewe habari za nyumbani. Mkewe hakusema mengi. Ila pumzi zake zilimfikia shingoni, na zilikuwa za moto.

Kiti cha mapokezi alishapewa mdogo wa marehemu. Wiki ya tatu binti huyo alimfuata Baridi kwenye ngazi.

"Shemeji, kichwa kinaniua," alisema kwa sauti ya chini. "Na kifua kimebana."

Akaziba mdomo kwa leso, akakohoa. Kifupi. Cha kujizuia.

Baridi alipanda paa siku hiyo hiyo. Alijua hewa ya zamani ikitoka, mkewe naye atatoka.

"Nisamehe," alinong'ona. "Ni mdogo wako."

Alilegeza skrubu nne. Upepo uliingia. Ndani ya bomba mtu alivuta pumzi ndefu. Kisha basi.

Siku mbili baadaye shemeji yake alikuja kazini anacheka. Baridi hakuweza kumeza hata uji.

Siku ya tatu alipanda kukagua. Kilango kilikuwa kimefungwa. Skrubu zote zimekazwa, tena kwa upande wa ndani, mahali ambapo mkono wa mtu haupenyi. Alipokibandua kwa nguvu, aliona alama za vidole kwenye vumbi la bati. Vidole vilivyong'ang'ania.

Mpaka leo, kila asubuhi anakikuta kimefungwa. Na kila asubuhi, kabla shemeji yake hajaingia kazini, anachukua bisibisi, anapanda, anakibandua, anamtoa mkewe nje.