Ukuta Uliokula Mkono

Musila na mkewe Phylis walikuwa wamekaa wiki tatu tu katika nyumba yao mpya pale Kitengela wakati ufa ulipotokea. Ilikuwa Aprili 2002. Mvua ilikuwa imeshuka na udongo mweusi ulishika viatu vya kila mtu. Kila Jumamosi Musila alizunguka nyumba, akigonga plasta kwa kidole, akifungua na kufunga milango kuona kama imeanza kukwama. Fundi wake, Mbaluka, ndiye aliyemfundisha: nyumba mpya huangaliwa kama mtoto mchanga, mwaka wote wa kwanza.

Ufa ulikuwa chumbani kwa watoto, mwembamba kama uzi. Musila alichora alama ya penseli kila mwisho, akaandika tarehe. Jioni ufa ulikuwa umepita alama kwa urefu wa kiganja. Asubuhi ulikuwa umerudi nyuma, na pale ulipokuwa umefika plasta ilikuwa nzima kabisa.

"Ufa haurudi nyuma, Baba Celine," Phylis alinong'ona, watoto wasisikie.

"Labda nilichora vibaya."

"Na hii harufu nayo?"

Musila alinusa. Ilikuwa baruti, ile ya kulipulia mawe, na chini yake nyama iliyoachwa juani.

Waliwahamishia watoto sebuleni. Jumatatu saa nne Mbaluka alifika na tindo na nyundo yake.

"Wacha nifungue kidogo tuone kama ni plasta peke yake ama ni jiwe limepasuka."

Aligonga mara tatu. Ukuta ukaguna. Wote watatu walisikia, mguno mzito kama wa mtu aliyepigwa tumboni. Mbaluka alicheka cheko fupi la woga, akaingiza vidole viwili ndani ya ufa apime kina chake.

Ufa ukafumba.

Mbaluka alipiga yowe, Musila akamkamata kiunoni na kuvuta, Phylis naye akamvuta Musila, lakini ukuta ulikuwa na nguvu za ng'ombe watano na ulimmeza yule fundi polepole, vidole, kiganja, kifundo, huku mifupa ikivunjika ndani ya jiwe kwa mlio wa mabua makavu na damu ikichuruzika juu ya plasta nyeupe hadi sakafuni, naye akilia, "Nikate! Mama Celine, nikate mkono!" mpaka ghafla ukuta ukamwachilia na wote wakaanguka chali, Mbaluka akiwa na mkono ulioishia kwenye kiwiko.

Walipoinua macho, ukuta ulikuwa laini. Haukuwa na ufa wala tone la damu.

Hospitalini, baada ya siku mbili, Mbaluka alimwita Musila karibu na kitanda.

"Nilikukosea. Yale mawe ya nyumba yako ni ya shimo la Nzuki."

Nzuki alikuwa mkata mawe. Miaka minne nyuma mlipuko ulimwangushia mwamba, na hakuna aliyemfukua. Shimo lilifungwa. Mbaluka alijua, lakini mawe yalikuwa yamekatwa tayari na yeye alikuwa na haraka.

Musila alimleta mama yake, Mbeke, kutoka Ukambani. Phylis, mtu wa kanisa, hakupinga. Mama mkwe aliingia chumbani mchana, akanyunyiza majivu, akaita jina la Nzuki kwa Kikamba. Kisha akatega sikio ukutani.

"Huyu si Nzuki," alisema. "Ni jini amekunywa damu ya Nzuki, na amezoea ladha."

"Tufanye nini, Mwaitu?" Phylis aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Vunjeni. Sasa hivi!"

Kabla Musila hajainua nyundo ya Mbaluka, kitu kisichoonekana kilimbeba na kumpigiza darini, kikamwangusha, kikamwinua tena, na mbavu zake zikalia. Phylis aliiokota ile nyundo na kuupiga ukuta, akapiga huku vipande vikimchana uso, huku chumba kizima kikinguruma na Mbeke akimlaani yule jini kwa sauti iliyokuwa ikikatika, akapiga mpaka jiwe la katikati likapasuka vipande viwili na ndani yake, yamekazwa kama mbegu katika tunda, yakaonekana meno ya mtu.

Kukawa kimya. Harufu ikaisha.

"Ameshindwa, lakini hajafa," Mbeke alisema. "Bomoeni nyumba yote. Mawe yarudi shimoni, hata moja lisibaki. Mtu asilale tena chini yake."

Walibomoa. Gakuru, jirani mwenye lori, aliyabeba mawe safari sita. Meno waliyazika watu wa ukoo wa Nzuki, kwa maombi. Musila alilala chali miezi miwili katika chumba cha mabati walichojenga pembeni, na watoto wakaanza tena kucheka.

Jumapili moja ya Agosti, asubuhi, Gakuru alikuja. Hakukubali kuketi.

"Mama Celine, yale mawe sikufikisha. Barabara ya shimo ilikuwa matope. Niliyamwaga Kisaju, kwa jamaa alikuwa anajenga."

Phylis aligeuka kuwatazama watoto wake.

"Wamehamia juzi. Jamaa amekuja kwangu leo, anauliza kama jiwe linaweza kutoa jasho."

Phylis aliingia ndani, akatoka na nyundo.

"Washa lori," alisema. "Na uombe watoto wao wawe wameenda kanisani."