Mama Aliyekuja Kununua Breki

Ijumaa hiyo mvua ilianza Gikunda akiwa anaingiza ndani makopo ya oili aliyoyapanga nje ya duka lake la spea za magari, hapo Meru, karibu na soko la Gakoromone. Wauza ndizi walikuwa wanafunika mali yao kwa nailoni huku wakipigiana kelele. Giza lilikuwa linaingia. Yeye alikuwa na furaha zake. Bintiye Ntinyari alikuwa amefika kutoka Embu anakofanya kazi, na gari lake lilikuwa nyuma ya duka, kwa fundi Ireri, likifungwa diski na padi mpya za breki.

Huyo Ntinyari! Ukimwona kanisani utadhani hawezi kuua nzi. Mpe usukani wa ile Subaru yake sasa. Kona za njia ya Embu alizichapa mpaka wanaume wazima wakaomba kushuka. Gikunda hakuwa na mtoto mwingine, na kila gari lile lilipotoka langoni, alisimama akalisikiliza mpaka mlio ukapotea. Ndiyo maana breki za bintiye alizichagua mwenyewe, asubuhi, kwa mkono wake.

Na sababu ya kutumia mkono wake alikuwa nayo.

Acha niseme wazi, maana mtu huyu mimi simhurumii. Gikunda alikuwa mwizi. Vijana wenye magari ya mbio walitoka Nchiru, wengine wakatoka mpaka Embu, kwa sababu jina lake lilikuwa limevuma: nenda kwa Gikunda, yule anajua breki. Kujua alijua. Lakini rafuni mwake mlikuwa na padi za kweli na padi feki, zote kwenye maboksi ya aina moja. Hizo feki zilitengenezwa kwa ustadi hivi kwamba hata yeye hakuweza kuzitambua, si kwa macho wala kwa kushika. Basi maboksi ya feki akayatia alama, mkwaruzo mdogo wa msumari chini ya kifuniko. Mteja mjuzi alipewa boksi safi. Mwingine yeyote alipewa lenye mkwaruzo, kwa bei ileile, na tabasamu juu.

Kiambi alipewa lenye mkwaruzo.

Kijana wa Siakago, huko Mbeere, mcheshi sana. Aliomba breki za kushukia kona kwa kasi. Mvua za Aprili zilipofika, breki zikamwacha kwenye kona ya mtoni, hapo chini ya mji, gari likaenda bondeni. Watu wakasema ni mwendo wa kasi. Gikunda naye akasema ni mwendo wa kasi. Tena alienda mazishini, akashika maikrofoni, akawaasa vijana wapunguze mwendo. Uso mkavu!

Sasa alikuwa ameshika komeo afunge duka, akasikia harufu.

Harufu ya breki zilizoungua. Ile kali, ya chuma na moshi, inayokwama kooni. Akachungulia barabarani. Hakuna gari.

Alipogeuka, mama mmoja alikuwa amesimama kaunta.

Hakumsikia akiingia. Alikuwa na kitambaa kichwani, kiondo begani, rozari shingoni. Mvua ilikuwa inayapiga mabati kama imetumwa... na kitambaa chake kilikuwa kikavu.

"Karibu, mama. Nilikuwa nafunga."

"Nataka breki," akanong'ona. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa Mbeere.

"Za gari gani?"

"La kijana. Anapenda kukimbiza."

Gikunda akatulia moyo. Mama wa shamba huyu, atajua nini? Huyu ni wa mkwaruzo. Akashusha diski yenye matundu, inang'aa. "Vijana wanapenda hii. Matundu yanapitisha hewa, diski haipati moto."

Mama hakuiangalia. "Hiyo ni urembo. Akishuka kona anakanyaga, anakanyaga, anakanyaga... inapata moto, inapasuka kwenye tundu. Nipe yenye mifereji. Iwe pana kuliko ile gari lilikuja nayo."

Gikunda akakohoa, akaileta. "Na padi... kuna hizi za kauri. Hazipigi kelele, hazichafui rimu."

"Hizo ni za mtu wa kwenda kanisani na kurudi. Yeye anataka ile inauma zaidi ikishapata moto. Na mafuta mapya ya breki. Ya zamani yanachemka, halafu pedeli inaenda chini... inaenda tu... kama unakanyaga matope."

Sauti ilikuwa ya mama mzee. Maneno yalikuwa ya kijana. Gikunda alishawahi kuyasikia, kwenye kaunta hiyohiyo, na alimkumbuka aliyeyasema: Kiambi.

"Nani... nani alikufundisha haya mambo, mama?"

"Mwanangu. Tangu afe hanyamazi."

Harufu ikazidi. Duka likawa na joto la jikoni.

"Shusha maboksi yote."

Na Gikunda akashusha. Mpaka leo hawezi kusema kwa nini alitii. Mama akaweka kiganja juu ya boksi moja, akanong'ona kitu kwa Kimbeere. Akahamia jingine. Akaendelea hivyo, taratibu, bila haraka yoyote. Na kila boksi aliloligusa lilitoa sauti ndogo.

Krrr...

Krrr...

"Sasa nichagulie, Baba Ntinyari," akasema. "Chagua kama unamchagulia mwanao."

Gikunda hakuwa amemtajia jina la bintiye. Akafunua boksi alilojua kabisa ni la padi za kweli. Mkwaruzo. Akafunua la pembeni yake. Mkwaruzo. Akafunua yote, mengine akayararua. Hapakuwa na boksi safi hata moja.

"Mama, umefanya nini?"

Akainua macho. Alikuwa peke yake. Akainama, akagusa sakafu ya saruji pale mama aliposimama.

Ilikuwa ya moto.

Gikunda alitoka mbio kwenye mvua mpaka kwa Ireri. Gari la bintiye halikuwepo.

"Boss, nilimaliza kitambo," Ireri akasema akifuta mikono. "Ametoka kuzizoesha. Si unajua padi mpya lazima ukimbie, ukanyage, uachilie, ukanyage tena, ndio zishikane na diski? Ameshuka njia ya mtoni."

"Boksi lake! Boksi liko wapi?"

Ireri akaliokota chini ya meza. Gikunda akafunua kifuniko. Mkwaruzo. Asubuhi haukuwepo, angeweza kuapa! Au ulikuwepo, na macho yalimdanganya? Alama iliyo kwenye kila boksi haimwambii mtu kitu.

"Mama yake Kiambi amepita hapa?"

"Felicitas?" Ireri akamtazama vizuri. "Angefikaje, boss? Asubuhi amevunja chungu kipya kwenye ile kona Kiambi alikofia, amemlaani aliyemuua mwanawe. Halafu akakaa palepale kando ya barabara. Chifu amembembeleza, padri amembembeleza. Hajainuka."

Gikunda akatoa simu. Akampigia bintiye.

"Baba!" Ntinyari alikuwa anacheka, injini ikinguruma nyuma yake. "Hizi breki ni tamu, wacha tu!"

"Usikanyage! Ntinyari, mama, nisikize. Usikanyage kwa nguvu. Shusha gia, acha injini ilishike gari, pole pole..."

"Niko mteremkoni. Kwa nini?"

"Fanya tu!"

"Baba, kwa nini?"

"Padi... huenda ni feki."

Zikasikika waipa za gari, zikienda na kurudi kiooni.

"Huenda? Si umezichagua mwenyewe?"

"Sijui tena ni zipi. Haki ya Mungu, sijui."

Ntinyari aliposema tena, sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Kiambi ni mimi nilimtuma kwako. Nilimwambia babangu hawezi kukudanganya. Yeye ulimpa zipi?"

"Shusha gia kwanza," Gikunda akasema, na hilo likawa jibu. Alimsikia mwanawe akivuta pumzi, kisha kilio, kile cha mtu aliyechomwa. Gikunda akashika ukuta.

"Nilikushikia mwavuli, Baba. Ukihubiria watu kaburini, mimi nilikushikia mwavuli."

"Ntinyari, tafadhali, punguza gari kwanza..."

"Yesu! Kuna mtu! Kuna mama amekaa katikati ya kona, amenyoosha miguu barabarani! Nikanyage? Baba, nikanyage?"

Upande mmoja wa kona ile ni mwamba. Upande wa pili ni bonde lililommeza Kiambi, na katikati amekaa mama yake. Gikunda aliijua vizuri, kama kila mtu wa Meru.

"Nikanyage ama nisikanyage? Sema!"

Ireri alikuwa ameacha kufuta mikono. Harufu ya breki zilizoungua ilikuwa inatoka kwenye simu, sikioni kabisa mwa Gikunda.

"Kanyaga," akasema.

Kisha akasikiliza.